Mechi 31 za Bongo Fleva kwa simu moja: kura za WhatsApp na za Telegram nilivyozionja

Nianze na matokeo, maana najua ndiyo mnayoyataka. "Starehe" ya Ferooz na Professor Jay dhidi ya "Fagilia" ya Mr. Nice, kura ya WhatsApp, grupu letu la waliomaliza kidato cha nne 2005: 34 kwa 3. Nyimbo zilezile, watu walewale, siku tisa baadaye, kura ya Telegram: "Fagilia" 22, "Starehe" 17. Hapo katikati hakuna aliyeokoka wala aliyeasi. Tofauti ni moja tu, kwenye Telegram jina lako halionekani.

Mimi nina steshenari hapa Msamvu, Morogoro, karibu na stendi. Kutoa kopi, kuprinti, kulamineti vyeti, picha za pasipoti. Wateja wangu wanakuja kwa mafungu, basi likishusha wanajaa, likiondoka nabaki na feni na simu. Ndiyo maana uadmini wa grupu uliniangukia mimi, wengine wote walisema wako bize.

Desemba 2023 shule zimefungwa, na grupu letu lina walimu sita waliokuwa nyumbani hawana la kufanya. Mtu mmoja wa Kilosa akauliza wimbo gani ulikuwa mkali kuliko yote enzi zetu. Saa moja baadaye nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili na watu wawili wameshanuniana. Nikasema basi, tufanye mtoano. Nyimbo 32, za kuanzia 2000 mpaka 2010, mbilimbili, anayefungwa anarudi kwao. Hiyo inakupa mechi 31. Nikachora ramani yote kwenye karatasi ya A3, nikaibandika ukutani nyuma ya mashine ya kopi, na kuanzia siku hiyo kila mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alikuwa na maoni kuhusu Ray C.

Nilianza na tovuti moja ya kupangia mitoano, jina lake naliacha. Inavutia kwa macho, mistari inachorwa yenyewe, mshindi anasogea mbele yenyewe. Ila kila mpiga kura lazima ajisajili kwa barua pepe, na darasa letu barua pepe walifunguliwa na watu wa intaneti kafe mwaka 2008, nywila hawana habari nayo. Halafu ukigusa jina la wimbo linaruka tangazo la kubeti. Siku ya kwanza kura zilizofika ni nne, moja yangu. Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya rangi.

Tukarudi tulipozoea. Kura za WhatsApp zililetwa Novemba 2022, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tumeshazitumia kuulizana rangi ya vitenge vya harusi. Kutengeneza ni dakika moja: swali, machaguo (unaweza kuweka mpaka 12), tuma. Hakuna wa kumfundisha mtu, hata wale wa "mimi simu sijui" wanagusa. Bando haliliwi, kura ni nyepesi kuliko stika. Kinachokula bando ni voisi noti za kujitetea baada ya kura, na hizo sitazilaumu kwa programu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kuna kitufe cha kuruhusu mtu achague zaidi ya moja, na kinakuja kimeshawashwa. Sikukizima. Mechi ya ufunguzi, "Binti Kiziwi" ya Z Anto na "Na Wewe Milele" ya Ray C, watu kumi na mmoja waliwapigia wote wawili. Mmoja akaandika, "Admin, mimi nina moyo mkubwa." Nikafuta, nikaanza upya. Ukiwa unaandaa ya kwako, zima hicho kitufe kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni kwamba kura ya WhatsApp, kwa jinsi tulivyoikuta Desemba ile, haina kufungwa. Ipo wazi mpaka kiama, na mtu anaweza kubadili kura yake muda wowote. Nilitangaza kwamba kura zinaanza saa mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, na kufunga kwenyewe ni mimi kupiga skrini shoti saa tatu kamili. Kuna bwana mmoja, fundi umeme wa Ifakara, alikuwa akisubiri saa mbili na dakika hamsini na nane ndipo anahamisha kura yake upande wa pili. Si kwamba alibadili mawazo. Alipenda tu kuona watu wanavyopiga kelele.

Sasa hili la majina. Ukigusa chini ya kura unaona nani kampigia nani, na saa ngapi. Kwa mambo ya mchango wa msiba ni sawa kabisa. Kwa nyimbo, subiri nikusimulie.

Grupu letu lina Mwalimu wetu wa Kiswahili, sasa mstaafu. Tulimwingiza wenyewe kwa heshima, na kila asubuhi shikamoo zinapangana arobaini na kitu, yeye anajibu marahaba moja ya jumla. Mechi ya "Darubini Kali" ya Afande Sele na "Vaileti" ya Matonya ilifunguliwa saa mbili. Saa mbili na dakika kumi Mwalimu akampigia Afande Sele, akaandika mistari mitatu kuhusu matumizi ya sitiari. Kufika saa nne Afande Sele alikuwa na kura 26. Watu wazima, wenye watoto sekondari, wanamwogopa mtu aliyewachapa kwa sababu ya ngeli mwaka 2003! Mechi iliisha 31 kwa 8, na kati ya wale wanane saba wako nje ya mkoa.

Ya "Starehe" na "Fagilia" ilikuwa tofauti, na ilinichukua muda kuielewa. Asubuhi ile mambo yalikuwa ya utani, watu wanakumbushana TAKEU, ule mtindo Mr. Nice aliouita kwa kuunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, na jinsi kila sherehe ya kipaimara ilivyokuwa haiishi bila "Fagilia" na "Kidali Po". Ikaingia voisi noti ya dakika nne ya dada mmoja, sasa ni muuguzi. Akasema "Starehe" ilipotoka, nyumbani kwao kaka yao alikuwa kitandani, na wimbo ule unamsimulia mtu aliyeupata ukimwi kama vile mtunzi aliingia chumbani kwao. Hakulia wala nini, alisimulia tu. Baada ya hapo ungekuwa wewe ungempigia Mr. Nice, jina lako likae pale mbele yake? Matokeo yakawa 34 kwa 3. Watatu wale mmoja ni dada yetu aliyeko Muscat, alipiga kura kabla hajasikiliza ile voisi, akaomba radhi usiku. Wa pili ni yule fundi wa Ifakara, tumwache. Wa tatu sitamtaja, ila ana steshenari.

Kwa hiyo kura za wazi naziona kama mkeka wa kwenye shughuli, kila mtu anakaa kwa adabu na anakunja miguu. Si uongo ule, ila si masikio yanayozungumza pale. WhatsApp naipa nyota tatu. Ingekuwa na kitasa cha kufunga mlango ningeongeza nusu.

Malalamiko yalianza kwa chinichini, inbox. "Admin, mechi ile watu walipiga kwa aibu." "Dada, mimi roho yangu ilikuwa kwa Matonya ila Mwalimu yupo." Yalipofika kumi nikatangaza marudiano ya mechi tatu, kwa kura ya siri, Telegram.

Kuwahamisha ndiyo kazi. Kati ya 47 walikuja 41. Wengine sita walikataa katakata, kwa sababu hapa kwetu Telegram ina jina baya, ukimwambia mtu unayo anafikiria zile konekisheni, video za aibu zinazorushwa kule. Mume wa mmoja alinipigia simu mwenyewe: "Shemeji, naomba kuelewa, Telegram ya nini?" Nikamweleza ni kwa ajili ya Mr. Nice. Akakaa kimya kidogo, akasema basi na yeye anaomba nimuunge. Mwalimu alikuja bila swali. Kijana wake alimpakulia.

Kura za Telegram zina umri mkubwa kidogo, zipo tangu mwishoni mwa 2018. Zinakuja zikiwa za siri, ukitaka za wazi unachagua mwenyewe. Mtu akishapiga ndipo anaona asilimia, kabla ya hapo hajui nani anaongoza, na hili dogo lilituliza wale wanaokimbilia kwenye wengi. Aliyetengeneza kura anaweza kuifunga, ikifungwa imefungwa. Fundi wa Ifakara alijitoa kwenye grupu siku mbili kwa hasira.

Marudiano yakaja na mambo yake. "Fagilia" ikapindua kama nilivyosema pale juu. Lakini "Darubini Kali" ikashinda tena, 23 kwa 16, gizani, Mwalimu hana macho ya kumwona mtu. Nilimwomba radhi kimoyomoyo. Afande Sele ni wa hapahapa Morogoro na taji lake la Mfalme wa Rymes watu hawajalisahau. Hakuhitaji kubebwa na mtu.

Nikadhani nimepata dawa. Raundi ya pili yote nikaipeleka Telegram, na raundi ya pili ndiyo ikanikutanisha na "Cinderella" ya Alikiba dhidi ya "Kamwambie" ya Diamond Platnumz. Naapa niliichanganya kwa karatasi kwenye kopo la kahawa, sikupanga. Niliweka mpaka wa 2010 makusudi kabisa nikwepe vita vya Team Kiba na Team Diamond, vita vikanifuata. Saa sita mchana kura zilikuwa 36. Nikaenda kumhudumia mteja aliyekuwa anataka kopi 200 za mitihani ya majaribio. Kurudi, kura 418. Grupu la watu 41.

Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba kura ya Telegram ukiituma kwenda grupu jingine inakwenda na hesabu yake ileile. Haianzi upya. Mtu wetu mmoja aliichukua akaipeleka kwa wenzake wa Team, na wenzake wakaitikia kama wanavyoitikia siku zote. Ni nani? Hatukumjua mpaka leo, na upande uliopanda ghafla sitausema maana kesi itaanza upya. Siri iliyomfichia muoga aibu yake ndiyo iliyomficha na mchakachuaji. Nikaifunga, nikairudisha WhatsApp, majina nje, kila mtu aonekane. "Cinderella" 22, "Kamwambie" 18. Kaka mmoja wa Team Kiba, ambaye mpaka hapo alikuwa akishindwa chochote anatukumbusha tuzo za MTV za Ulaya za 2016, jinsi Wizkid alivyotangazwa Rotterdam na baadaye ile tuzo ya msanii bora wa Afrika ikaenda kwa Alikiba, safari hii alisema uhesabuji ulikuwa wa haki na wa kupigiwa mfano.

Kwa hiyo Telegram ni nyota nne, na ile moja iliyopungua ni kwa kazi ya kuwashawishi shemeji.

Kuna kura nyingine hazikuingia kwenye programu yoyote. Rafiki yetu mmoja yuko Mvomero, ana kitochi tu, hataki simu kubwa. Kila asubuhi namtumia mechi kwa meseji ya kawaida, ananijibu: "Naomba nipigie TID, Zeze, nisalimie wote." Namwandika kwenye daftari na kumjumlisha mwenyewe usiku. Meseji zake zilinikumbusha kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mtu wa salamu haswa, ananunua kadi za salamu dukani, anaandika majina ya watu ishirini na wimbo anaoutaka kwa herufi kubwa, anaituma redioni na kungoja wiki nzima na redio sikioni. Zikisomwa anatembea mtaa mzima kama amechaguliwa udiwani. Hakuna kura ya simu iliyowahi kumfanya mtu atembee vile.

Kuhusu mabishano yenyewe, kama unapanga kufanya hili, jua kwamba hapo ndipo raha ilipo na hakuna programu inayokusaidia. Tulipoteza siku nzima kwa swali la kama "Maria Salome" ya Saida Karoli ihesabiwe. Mwenzetu wa Bukoba alisema ni pop kuliko pop, ila kwa Kihaya, na kwamba Diamond na Rayvanny wasingeirudia 2016 kama si kubwa. Wengine wakasema tumesema Bongo Fleva. Niliitoa. Mpaka leo ananisalimia kwa ufupi. Mwalimu naye alileta ombi la "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, tukamwambia kwa unyenyekevu Mwalimu, ule si wa miaka hii. Akajibu, "Najua. Nilitaka tu muikumbuke." Watu waliiweka usiku ule, mmoja baada ya mwingine, na mechi ya siku hiyo ikasahaulika.

Fainali ikawa ya nyumbani. "Zali la Mentali" ya Professor Jay akiwa na Juma Nature, dhidi ya "Mikasi" ya Ngwair. Jay ndiye yule aliyewacheka wanasiasa kwa "Ndiyo Mzee", halafu 2015 akawa mbunge wa Mikumi, mkoa huuhuu. Ngwair alifariki Johannesburg Mei 2013 na akazikwa hapa Morogoro, siku ile mji ulisimama na mimi nilifunga duka. Watu wa Mwanza na Tanga walianza kusema mashindano yamechakachuliwa na watu wa mji kasoro bahari. Kweli ramani ilikuwa ukutani kwangu, lakini kura walipiga wao.

Wa "Zali" walikuwa na hoja ya hadithi. Ule wimbo una mwanzo, kati na mwisho, unaweza kumsimulia bibi yako akacheka mahali panapotakiwa, na "zali" lenyewe liko midomoni mwa watu mpaka leo. Wa "Mikasi" hawakuwa na hoja, walikuwa wanatuma tu vipande vya wimbo na alama za moto. Saa tano asubuhi Mwalimu akauliza, kwa nia njema kabisa: "Wanangu, neno mikasi humu limetumika kwa maana ipi?" Grupu la watu 41 likawa kimya dakika arobaini. Walimu sita, muuguzi, diwani mmoja, hakuna aliyejua Kiswahili. Mwisho dada wa Muscat akajibu, "Ni mambo ya vijana, Mwalimu." Mwalimu akaandika, "Nilihisi hivyo."

Nashukuru fainali ilikuwa ya siri. Jioni mtandao wa kampuni ninayotumia, nisiyoitaja, ukakata saa mbili nzima, nikasogeza kufunga mpaka kesho yake saa tatu asubuhi. "Mikasi" 21, "Zali la Mentali" 19. "Fagilia" ilikuwa imetolewa na "Mikasi" nusu fainali kwa kura tatu, na kama ingepita sijui ningeuweka wapi uso wangu.

Wiki iliyofuata yule dada muuguzi alipita dukani, ametokea kwao, anasubiri basi la Dodoma. Alitaka kopi za cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Akaangalia karatasi ya A3 ukutani, akafuata mistari kwa kidole mpaka kwenye ile mechi iliyofutwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyekundu. Nikaanza kujieleza, kwamba yale marudiano hayakuwa ya kumvunjia heshima kaka yake. Akacheka.

"Mimi mwenyewe nilimpigia Mr. Nice, dada. Ile nyingine sijawahi kuifikisha mwisho."

Akalipa kopi zake nne, shilingi 400, akawahi basi.